Tadea Ndimbo na cheti kilichokataa kuamka Mbamba Bay

Saa tatu kasorobo asubuhi, Mbamba Bay. Tadea Ndimbo anapokea kikombe cha chai ya rangi, anakiweka pembeni ya kibodi, analiza vidole vya mkono wa kulia, kisha anatamka mbele ya mashahidi watatu:

“Kosa la cheti? Hili nalitibu kabla chai haijapoa. Mzee Chale, wewe hesabu tu.”

Mzee Chale hafiki mbali na hesabu yake. Chai inapoa. Inaota utando juu. Nzi anatua ukingoni, anaonja, anaenda zake. Na kosa la cheti bado limekaa katikati ya kioo cha kompyuta, kama mgeni ambaye hajaambiwa kwamba chakula kimekwisha.

Mashahidi wenyewe ni hawa: Mzee Bartholomayo Chale, karani wa kituo hiki cha kununulia mazao, dada Violet, anayefagia ofisi na kuuza chai mlangoni pake, na mwandishi wa makala haya, aliyeshuka kutoka Mbinga mjini jana kuandika habari za fundi hodari, akiwa na kichwa cha habari cha furaha tayari mfukoni.

Kichwa kile cha habari sasa hakifai hata kufungia karanga.

Tadea ana umri wa miaka thelathini na moja. Ni mzaliwa wa Maguu, na kwa miaka mitatu sasa ndiye fundi wa kompyuta wa kampuni moja binafsi inayonunua kahawa huko juu na usipa mkavu, dagaa wa ziwani, huku chini. Kampuni ina vituo vitatu upande huu: Maguu, Mkumbi na Mbamba Bay. Humlipa shilingi laki moja na themanini kwa mwezi. Nauli ni juu yake.

Kazi yake kuieleza ni ngumu kidogo kwa mtu anayedhani fundi kompyuta ni yule anayechapa barua za maombi ya kazi pale stendi. Kompyuta za vituoni hazitunzi kitu. Karani akipima mzigo, anafungua programu ya kuingilia kompyuta ya mbali, na kile anachoandika kinaandikwa moja kwa moja kwenye seva ya makao makuu, Dar es Salaam. Wenyewe wanaiita “dirisha”.

“Ukilifungua unaona kioo cha Dar,” anaeleza Tadea. “Umekaa hapa unanuka usipa, lakini mkono wako uko ghorofani, kwenye kiyoyozi.”

Sasa, ili dirisha lifunguke, seva inatoa cheti cha usalama, na kompyuta ya kituoni inakikagua kama askari anavyokagua leseni barabarani. Jina ni lako? Aliyekitoa anajulikana? Kimeanza lini, kinaisha lini? Kikitiliwa shaka, dirisha linagoma.

“Watu wakisikia cheti wanafikiri ni cha kutundika ukutani,” anasema. “Wananiuliza, ‘Dada, umefaulu?’ Nawaambia bado nasubiri matokeo.”

Matokeo yanatoka leo.

Makao makuu wamebadilisha cheti cha seva. Kipya kinaanza kutumika leo saa mbili asubuhi. Msimamizi wa mitambo, Bwana Joakim, ameagiza kila kituo kiwe kimeingia kabla ya saa sita mchana. Kituo kisichoingia, fundi wake hana kazi. Kuna kampuni ya mjini imekuja na ahadi ya kuhudumia vituo vyote kutoka Dar es Salaam bila kuinua mguu, na mkataba wa Tadea unakwisha mwishoni mwa mwezi huu. Leo ndiyo wanapima: yeye au wao.

Maguu wameingia, karani wa huko amepiga simu saa mbili na robo akicheka. Mkumbi nao wameingia. Tadea alivipitia vituo hivyo wiki hii na kuviwekea cheti kipya mapema. Cha Mbamba Bay alikiweka jana alasiri, kutoka kwenye flashi anayoivaa shingoni, mnyororo mmoja na medali ya Bikira Maria.

“Huyu analinda roho, hii inalinda mkate,” anasema, akivigonganisha.

Asubuhi hii mkate umekwama.

“Hebu soma tena,” anamwambia Mzee Chale, maana macho yake mwenyewe yamechoka.

Mzee Chale anavaa miwani, anasogea. Kiingereza chake ni cha shule za misheni, cha kusimama wima. Anasoma neno kwa neno kisha anatafsiri kwa sauti ya ibada: “Inasema cheti hiki kimekwisha muda wake, au bado hakijaanza kutumika.”

“Kimekwisha vipi na kimezaliwa leo?”

“Basi hakijaanza.”

“Hakijaanza vipi na Maguu wanakitumia?”

“Mwanangu, mimi ni msomaji tu. Injili siandiki mimi.”

Tadea anainama kwenye kona ya kioo, pale panapoonyesha tarehe na saa. “Tarehe sawasawa,” anasema. “Saa… tatu na dakika tano asubuhi. Sawa.” Anapita.

Pengine msomaji atauliza kwa nini hakutazama simu. Huku ziwani hakuna anayeiamini saa ya simu. Ikidaka mtandao wa nchi ya ng’ambo ya ziwa, inarudi nyuma saa nzima bila kukuaga, na ukigeuka upande wa pili wa nyumba inarudi mbele. Kuna bwana harusi mmoja, wanasema, alifika kanisani watu wameshakula pilau. Mbamba Bay saa ni jua, kengele na tumbo.

Tadea anakiondoa cheti, anakiweka upya. Kosa ni lile lile. Anazima kompyuta na kuiwasha. Kosa ni lile lile. Anahamia kwenye mtandao. Modemu ya kituo hiki haikai kwenye kompyuta. Imefungwa juu ya mwanzi nje ya ukuta wa ofisi, ndani ya mfuko wa plastiki, na waya mrefu unashuka nao. Mzee Chale anatoka na kuushika mwanzi kwa mikono miwili.

“Kulia kidogo, baba!”

“Hapa?”

“Umezidisha!”

“Nikizidisha hapa nitaingia ziwani, binti!”

Dada Violet anacheka mpaka anaishikilia birika kwa mikono miwili. “Mzee Chale, leo umekuwa nguzo ya simu. Usije ukapigwa radi.”

Mtandao unakuja, tena umenona. Tatizo si mtandao. Kosa ni lile lile.

Inapogonga saa tano, utani ofisini umeanza kupungua. Tadea amevua kandambili, yuko peku kwenye sakafu ya saruji. Amepiga simu Maguu, akamwomba karani amsomee cheti chake kila mstari. Kinafanana na hiki kama mapacha. Amempigia rafiki yake aliyesoma naye Songea. Huyo alikuwa kwenye msiba, akanong’ona kwamba azime na kuwasha.

“Mara ngapi?” aliuliza Tadea.

“Mpaka ikuonee huruma,” alinong’ona rafiki.

Zamani kulikuwa na njia ya mkato. Kosa la cheti likitokea, chini yake kulikuwa na kitufe cha kukubali na kuendelea hivyo hivyo. Makarani wote walikibonyeza bila kusoma, kama watu wanavyoitikia “amina” huku wanasinzia. Miaka miwili iliyopita kitufe hicho kiliondolewa kwenye vituo vyote.

Aliyeomba kiondolewe ni Tadea mwenyewe.

“Niliwaandikia makao makuu,” anasema, hacheki. “Niliwaambia ni hatari, mtu anaweza kuweka seva ya uongo, karani akaingiza mzigo wote huko. Wakanipongeza. Nikajiona fundi kweli. Leo kitufe hicho kingekuwepo ningekuwa nimeshapanda gari kurudi Mbinga.”

Kuna jambo jingine, na hili analisema akiwa amegeukia ukuta. Kwa miaka mitatu amekuwa akizunguka milima hii kuhakikisha mtu wa Dar es Salaam anaweza kuingia kwenye kompyuta ya Mkumbi kana kwamba amekaa Mkumbi. Kila mlango alioufungua vizuri ulimpunguzia yeye sababu ya kupita hapo tena.

“Nimewachongea funguo,” anasema. “Sasa wanazo zote.”

Si mara ya kwanza jambo hili kuingia katika nyumba ya akina Ndimbo. Baba yake, Mzee Bernadi, alikuwa mpima kahawa wa chama cha ushirika kule Maguu. Wakulima walimjua kwa mkono: akishagusa jiwe la mzani, mabishano yamekwisha. Katikati ya miaka ya tisini biashara ikafunguliwa, wanunuzi binafsi wakapanda mlima kila mmoja na mzani wake, na ghala la chama likafungwa. Baba yake alibaki na ufunguo.

“Mpaka leo msimu ukianza anavaa koti, anakwenda kukaa kwenye ngazi za lile ghala,” anasema Tadea. “Haongei. Jioni anarudi. Mama alishaacha kumuuliza.”

Anaukwangua ukuta kwa ukucha.

“Unajua kinachouma? Hakuna aliyemwambia amekosea nini. Kwa sababu hakukosea kitu. Ukikosea unajirekebisha. Usipokosea, unarekebisha nini?”

Kengele ya shule inalia. Watoto wanatoka wakipiga kelele kuelekea ufukweni. Kwenye kona ya kioo, saa inaandika sita kamili. Simu ya Tadea inaita. Anaiweka kwenye spika, juu ya meza.

“Tadea.”

“Bosi, shikamoo.”

“Marahaba. Mbamba Bay siioni.”

“Naomba nusu saa, bosi.”

“Nusu saa nilikupa saa tano na nusu.”

“Cheti nimekiweka mara nne. Ni kile kile cha Maguu. Mtandao upo. Kuna kitu…”

“Kitu gani?”

Tadea anabonyeza dirisha tena. Linagoma.

“Tadea, mimi binafsi sina neno na wewe,” anasema Bwana Joakim, na sauti yake kweli haina ubaya, ni ya mtu ambaye naye amechoka. “Lakini hapa nina watu wanasema wangelimaliza wakiwa wamekaa. Nitawajibu nini? Niwaambie fundi yuko hapo hapo, anaigusa mashine kwa mkono, na imemshinda?”

“Hapana, bosi.”

“Naandika barua leo. Mwisho wa mwezi tutamalizana vizuri.”

Simu inakatika. Mzee Chale anavua miwani, anaifuta kwa shati, anaivaa, anaivua tena. Dada Violet analeta sahani ya ugali na usipa wa kukaanga, anaiweka katikati ya meza bila kumkaribisha mtu, kama inavyowekwa msibani. Hakuna anayenawa. Baada ya muda anaibeba, anachukua na vyombo vingine, anateremka ziwani kuviosha.

Kwa saa mbili nzima hakuna aliyeigusa kompyuta. Tadea amekaa mlangoni, mgongo kwenye mhimili, anatazama boti ya mizigo inayopakiwa mihogo. Mwandishi wa makala haya anajaribu mzaha mmoja kuhusu nahodha wa boti hiyo na kitambi chake. Mzaha unakufa palepale, hauna hata mtu wa kuuzika.

Kisha Mzee Chale, kwa mazoea tu, kama mtu anayepapasa mfuko anaojua hauna kitu, anabonyeza alama ya dirisha.

Linafunguka.

“Bwana asifiwe!” anaruka. “Tadea! Binti! Imeingia! Ona Dar hii hapa!”

Kweli. Kioo cha makao makuu kimetanda chote, rangi ya bluu, na jina la kituo cha Mbamba Bay juu yake. Mzee Chale anapiga makofi. Mwandishi wa makala haya naye anapiga makofi. Tadea peke yake hapigi. Anasimama nyuma ya kiti cha mzee, ameukunja uso, anatazama kioo kile kama mtu anayetazama mwizi akirudisha kuku.

Simu inaita kabla hajasema neno.

“Naona mmeingia,” anasema Bwana Joakim. “Umefanya nini?”

Tadea angeweza kudanganya. Fundi mwingine angesema amebadilisha hiki, amesafisha kile, na jina lake lingepona kidogo.

“Sijafanya kitu, bosi. Imefunguka yenyewe.”



“Basi ndiyo hoja yao hiyo,” anasema Bwana Joakim. “Ukiigusa inagoma. Ukiiacha inafunguka.”

Akakata.

Ndipo Tadea anapovuta kiti. Hana haja tena ya kuharakisha. Aliyeachwa na gari hakimbii. Anakifungua cheti chenyewe, anasoma polepole, kidole juu ya kioo: kinaanza kutumika leo, saa nane kwa hesabu ya kizungu, yaani saa mbili asubuhi yetu. Anashuka na kidole mpaka kwenye kona.

“Saa nane na dakika sita,” anasoma.

Halafu anarudia, taratibu zaidi. “Nane… na dakika sita.”

Mzee Chale anachungulia nje, anapima jua. “Ndiyo, saa nane hiyo. Watu wamekwisha kula.”

“Baba, hiyo ndiyo shida,” anasema Tadea. Sauti yake imekuwa ndogo. “Saa nane mchana kompyuta huandika mbili. Haijui saa zetu. Yenyewe huhesabu tangu usiku wa manane, sisi tunahesabu tangu jua. Hii inaandika nane. Mtu kaipa saa ya Kiswahili.”

Inachukua muda kidogo kuwaingia wote. Kompyuta ilikuwa nyuma kwa saa sita. Asubuhi, watu wa Mbamba Bay wanakunywa chai saa tatu, yenyewe ilijua ni saa tisa usiku, na cheti cha kuanza asubuhi bado kimelala. Ikasema ukweli wake: hakijaanza kutumika. Ilipofika saa nane mchana huku duniani, kwake ndiyo kwanza saa mbili asubuhi ilikuwa imefika. Cheti kikaamka, mlango ukafunguka, bila dawa wala fundi.

Na Tadea aliitazama saa hiyo mwenyewe. Aliisoma kwa sauti.

“Tatu na dakika tano, nikasema sawa,” anasema. “Niliona namba tatu, na kichwani ilikuwa saa tatu. Mgeni angeiona mara moja. Mzungu angeiona. Mimi ningeiona wapi? Ilikuwa imeandika kile kile nilichokuwa nafikiri.”

Anageuka. “Mzee Chale, nani kagusa saa ya mashine hii?”

“Mimi?” Mzee anaweka mkono kifuani. “Mwanangu, mimi hata kipanya nakishika kwa adabu. Naapa kwa Biblia niliyobatiziwa. Kusema, nasema kila siku kwamba saa za mashine hii zinanichanganya. Kusema! Lakini kugusa? Jana saa kumi na moja nilitoka hapa nikaenda mazoezi ya kwaya. Muulize kiongozi wetu, nilikosea sauti mara mbili, atakumbuka.”

Tadea anampigia Bwana Joakim. Anamweleza yote, kwa mpangilio, bila kujitetea. Upande wa pili unasikiliza.

“Saa haijibadilishi,” anasema Bwana Joakim hatimaye. “Nani kaibadilisha?”

“Bado sijajua, bosi.”

“Karani?”

Mzee Chale amesimama hatua moja kutoka kwenye simu. Ana miaka hamsini na nane. Kabla ya kazi hii alikuwa akitengeneza nyavu za watu wengine.

“Tadea, nisikilize,” anaendelea Bwana Joakim. “Barua sijaituma. Ukinipa jina la aliyechezea saa, hilo siyo kosa la fundi tena, ni hujuma ya mtu. Nitakuwa na cha kuwaambia hawa. Ni karani au siye?”

Tadea anamtazama mzee. Mzee hatazami popote.

“Sijui, bosi,” anasema. “Siwezi kutaja nisichokijua.”

“Basi mpaka saa kumi. Saa kumi barua inaondoka.”

Mwandishi wa makala haya, katika kutoa mchango wake, anasema huenda ni betri ile ndogo ya ndani ya kompyuta imekufa.

“Betri ikifa, tarehe nayo inarudi nyuma miaka,” anajibu Tadea bila kumtazama. “Hapa tarehe haijaguswa. Imerudi saa sita tu, kamili, haijazidi wala kupungua. Hiyo siyo betri, mdogo wangu. Hiyo ni akili ya mtu.”

Mwandishi wa makala haya anavutiwa ghafla na mandhari ya ziwa.

Lakini kazi ni kazi, na wasomaji wa safu hii wamezoea kuagana na mhusika akiwa na tumaini mkononi. Kwa hiyo, inapokaribia saa tisa, swali linaulizwa: je, ana matarajio gani?

Tadea anacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi, na ni kicheko ambacho mtu angependa asikisikie.

“Andika hivi. Tadea Ndimbo anatarajia kurudi Maguu. Kahawa ya baba imezeeka, haijakatwa matawi miaka mingi, atakata. Mbinga mjini kuna watu wenye vyumba vya kuchapa barua, wameshajaa, hawanihitaji. Songea sina mtu. Na msimu ukianza, zile ngazi za ghala zina nafasi ya watu wawili. Tutakaa. Mzee atapata mwenzake.”

“Hilo siyo tumaini, dada,” anasema mwandishi.

“Ulilouliza ni matarajio.”

Ni hapo dada Violet anaporudi kutoka ziwani, beseni la vyombo kichwani, maji yanamchuruzika shingoni. Anamkuta Mzee Chale ameshika kichwa. Anauliza kuna nini tena, na dirisha si limefunguka? Mzee anamwambia: mtu ameibadilisha saa ya kompyuta, Tadea anafukuzwa kwa ajili hiyo, na huenda na yeye Chale akafuata, maana hakuna ajuaye ni nani.

Dada Violet anatua beseni.

“Hakuna ajuaye?” anasema. “Na huyu hapa anaandika nini basi?”

“Nani?”

“Si huyu kaka mwandishi!”

“Mimi, dada Violet?” anasema mwandishi wa makala haya.

“Wewe. Usinitolee macho. Jana jioni wewe mzee hukuwepo, dada Tadea alikuwa ameenda kuoga. Huyu akaniomba achaji simu. Mimi nafagia. Nikamuuliza, ‘Kaka, saa ngapi, nikapike?’ Akatazama hapo kwenye kioo, akacheka peke yake. Akasema, ‘Jua linazama, mashine hii inasema saa sita na nusu! Ngoja niifundishe Kiswahili, Mzee Chale akija kesho asihangaike.’ Akabonyeza, akabonyeza, ikawa kumi na mbili na nusu. Akaniita niione. Na mimi mjinga nikamsifu! Nikasema kijana huyu kasoma, kaweza kwa dakika moja.”

Mzee Chale anainua uso.

Tadea hapigi kelele. Hamwulizi mwandishi kama ni kweli. Anamtazama tu, na jibu analipata. Anachukua simu mezani, anatafuta namba, anabonyeza, anaiweka kwenye spika. Inaita mara tatu. Anaisogeza juu ya meza, inapita kikombe cha chai, inapita kalamu, mpaka inasimama mbele ya kifua cha mwandishi wa makala haya.

“Haloo,” inasema sauti ya Bwana Joakim. “Umepata jina? Haloo? Nani anaongea?”